Mgomba Uliochipuka Juu ya Kaburi Lako

Mdogo wangu wa tumbo moja,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndicho tulichokula nacho kule Bukavu, mimi na wewe, na kwa sababu barua hii itapita mikono mingi kabla ya kukufikia, kama itakufikia. Sikuibandika stempu. Yule Maman mwuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anayevuka daraja kila Jumatano ataivusha. Yeyote atakayeishika huko ng'ambo asome tu, haina siri tena, na kama anamjua muntu mrefu mwenye kovu kwenye kidole gumba cha kushoto, aliyekatwa na mundu wa mkubwa wake kwa bahati mbaya, ampe. Herufi zangu ni za darasa la pili, zinapanda na kushuka kama matuta ya Nyakarenzo. Lakini mlima huu wote hakuna mzee wa rika langu anayeshika kalamu. Nililisema hilo hata mbele ya konseye, diwani wa sekta yetu.

Nina jambo moja la kukuambia. Nitalifikia. Kwanza unikumbuke vizuri.

Unakumbuka bustani ya yule mzungu mwenye miguu myembamba, kule Bukavu juu ya ziwa? Wewe ulikuwa bado ndevu hazijatoka. Alitusimamisha mbele ya matuta yake akatufundisha kwamba majani yote ya dunia yana mafungu matatu. Kuna yanayoota, yanachanua, yanamwaga mbegu na kufa ndani ya mwaka mmoja, kama mahindi na maharage. Kuna yanayokaa mwaka wa kwanza yakijaza tumbo chini ya udongo, na mwaka wa pili ndipo yanatoa ua na mbegu, kisha kwisha, kama kitunguu na karoti. Na kuna yale aliyoyaita vivase. Hayo juu yanakauka, unasema basi, yamekufa, kumbe chini yako macho, yanangoja mvua. Yote, alisema, yanafanana kitu kimoja: hayana mti ndani. Shina lake ni laini, ni maji. Ukiyakata hupati ubao.

Halafu akasema mgomba nao ni jani. Mimi nikacheka mpaka reki ikaanguka. Nikamwambia, "Patron, jani gani linanizidi urefu mara tatu?" Akachukua panga, akaukata mmoja katikati, akatuita tuangalie. Ganda juu ya ganda, ganda juu ya ganda, na katikati maji. Hakuna ubao, hakuna mfupa. Akachimba chini akatuonyesha donge jeupe, kubwa kama kichwa cha ng'ombe, lina macho pande zote. Akasema mgomba wenyewe ndio huu, hili donge. Huko juu ni majani yamekumbatiana tu. Kila shina linazaa mara moja, linakufa, na jicho lingine linaamka.

Tangu siku ile nikaanza kuwaambia batu kwamba ni mimi niliyegundua hayo. Kanisani, sokoni, kwenye pombe. Na wewe ukawa unaniangalia kwa yale macho yako. "Mkubwa, na jua pia, njo weye uligundua?"

Tukawa tunawapa watu majina ya majani. Yule mwenye nyumba wetu aliyebadilisha wake, wa mwaka mmoja. Padri mnene, kitunguu. Mimi ukaniita Urwiri, yale majani mabaya ya shambani ambayo ukikata mzizi wake vipande viwili, unapata majani mawili. "Weye si muntu, Mkubwa. Weye ni urwiri. Hata Mungu akikupalilia utabakia." Nilikasirika wiki nzima, sikula na wewe. Leo hakuna anayeniita hivyo.

Nakumbuka pia suruali yako ya kaki. Tulikuwa tumesharudi huku nyumbani, na kila Jumapili ulisema unakwenda kusali, ukarudi suruali imejaa zile mbegu nyeusi za inyabarasanya, zinazong'ang'ania nguo kama sindano. Mama akazitoa moja moja, akauliza, "Njia ya kanisa imefagiliwa. Hizi umesalia wapi?" Ndivyo tulivyomjua mkeo, Maman Zawadi, kabla hajawa Maman wa muntu yeyote. Alikuwa anaishi ng'ambo ya lile pori la kwa wajukuu wa Semana, na wewe ulikuwa unakata katikati ya pori. Majani yale yanaishi miezi michache tu. Yanajua yatakufa upesi, njo maana yanashika kila anayepita.

Habari za mwaka ule wa mauaji siandiki. Wewe unazijua, na asiyezijua hatazijua kwa kalamu yangu. Nasema tu kwamba wewe ulivuka daraja kuingia Kongo na mkeo na batoto wawili, mimi nikakataa. Ulinishika mkono pale barabarani. Nikakuambia, "Nikiondoka nani atapalilia?" Batu wengine huku husema kila aliyekimbia alikuwa na sababu yake. Mimi huwajibu kwa sauti, wewe unaijua sauti yangu, kwamba sababu ya mdogo wangu ilikuwa hofu, na mikono yake naijua tangu ikiwa midogo.

Sasa nakuja kwenye vitunguu.

Ulipokuwa kule kambini kwa wakimbizi ulinitumia habari kwamba umepanda vitunguu kando ya shitingi yenu, lile turubai mlilolala chini yake. Msimu wa kwanza mkala nusu, nusu ukavirudisha udongoni vikae mpaka vitoe mbegu. Nilifurahi sana, nikajigamba kwamba mwanafunzi wangu hajasahau. Huku kwetu hakuna aliyebakiwa na mbegu. Zilikuwa zimeliwa, zimeoza, zimechomwa na nyumba. Nikamwambia Maman wa sambaza, "Mwambie asirudi bila mbegu." Nilisema nikicheka. Sijui kama alikufikishia neno pamoja na kicheko.

Vita vilipoingia kambini na batu wakaanza kurudi darajani, nilishuka kila siku kusimama pale. Siku ya tano nikamwona Maman Zawadi. Mgongoni ana mtoto, mkononi ana Zawadi, na kikwembe chake chote kimejaa mbegu nyeusi za inyabarasanya, kuanzia kiunoni hadi chini. Nikamwangalia nyuma yake. Nikaangalia tena. Tulipofika nyumbani aliketi mlangoni kwangu, akaanza kuzitoa zile mbegu moja moja, na huku akizitoa akanieleza.

"Tulikuwa tumeshafika kwenye kona ya barabara, Mzee. Akasema, 'Mungoje hapa, nimesahau mbegu za Mkubwa.' Akarudi. Tukangoja. Kisha masasi ikaanza kulia, batu bakatusukuma mbele. Nikaita. Nikaita tena."

Ndivyo alivyosema. Mbegu za Mkubwa. Miaka yote hii hajanitupia maneno hayo usoni hata mara moja, hata siku nilizomkasirisha, na nilimkasirisha nyingi. Mvua ya kwanza iliponyesha, zile mbegu alizozitoa ziliota mbele ya mlango. Sikuzipalilia. Zilichanua, zikakauka, zikafa zenyewe.

Tukakungoja mwaka, na wa pili. Kila mtu aliyetoka msituni, walikokimbilia wengine wa kambini, tulimwuliza. Mmoja alisema alimwona mrefu mwenye kovu, akielekea magharibi. Mwingine alisema kovu lilikuwa la shavuni. Vita vya pili vikaanza huko kwenu, mizinga tukawa tunaisikia hapa tukiwa shambani, na wanaovuka wakapungua.

Mwaka wa tatu akaanza kuja kwa ajili ya Maman Zawadi muntu mmoja wa Nzahaha, mfyatua matofali, amezaliwa Kongo kama wengi siku hizi, mkewe alikufa kwa homa. Alikuwa akikaa kwenye benchi, anasema maneno matatu, anaondoka. Siku moja akakuta ukuta wa jiko umebomoka, akavua shati, akaujenga, akaondoka bila kuomba hata maji. Nilitafuta kosa lake, mdogo wangu. Nililitafuta sana.

Ndipo shangazi yetu, yule wa mwisho aliyebaki, akaja na fimbo yake akaketi, akasema mbele ya wote, "Huyu mwanamke si mjane na si mke. Umuzike mdogo wako." Unajua desturi. Muntu akipotea na mwili usionekane, wazee wetu huchukua mutumba wa mgomba, lile shina, wakaufunika kwa kirago, wakauweka kaburini badala yake, wakamlilia. Baada ya hapo ukoo unapumua, na mke anaachiliwa. Nilikataa miezi minne. Shangazi akaacha kula kwangu. Mwishoni nikasema sawa, lakini mutumba nitaukata mimi, peke yangu.

Shangazi akaninyooshea fimbo. "Ukate juu ya donge. Donge lisiingie kaburini. Umesikia?"

Nikamwambia, "Shangazi, mimi njo unanifundisha mgomba?"

Sasa nitakuambia nililolifanya, nawe uko wa pili kulisikia lote. Asubuhi ile, kabla hawajafika, nilikwenda kwenye ule mgomba wako, ule ulioupanda mwenyewe nyuma ya zizi mwaka Zawadi alipozaliwa. Sikuukata. Niliung'oa. Nilichimba kuzunguka mpaka nikautoa na donge lake zima, lenye macho mawili mazuri yaliyovimba, nikapunguza majani ya juu, nikaufunga kwenye kirago pande zote na shati lako la kijani, nikashona kwa kamba. Walipofika nikasema kazi imekwisha. Na kaburi nikasema lisiwe refu, ni mgomba tu, tusichoshe vijana. Wakanisikiliza. Nani hapa anabishana nami juu ya mgomba?

Walipokuwa wakilia mimi sikulia. Shangazi alidhani ni ugumu wa moyo. Mimi nilikuwa nahesabu wiki.

Kwa nini? Kwa sababu chenye donge hakijafa. Kwa sababu ningekuzika kweli, ningekuwa nimekubali kwamba niliagiza mbegu na nimeletewa kaburi. Hilo sikuweza kulimeza. Nilitaka hata udongo ukatae.

Ukakataa. Wiki ya tisa, udongo ukapasuka, kikatoka kitu chembamba kama mkuki. Zawadi ndiye aliyekiona, akapiga kelele. Batu wakajaa. Mmoja akasema, "Mwenye kaburi hataki." Mwingine akasema tumezika muntu aliye hai na huko aliko ataugua. Shangazi akaniuliza, "Ulikata juu ya donge?" Nikasema, "Nilikata." Ndio uwongo wangu wa kwanza kwake tangu nilipokuwa mtoto, na ndio wa mwisho, maana alikufa mvua zilizofuata, akiwa ameuamini.

Yule wa Nzahaha hakuja Jumapili ile. Wala nyingine. Nani ataoa mke wa muntu anayechipuka?

Maman Zawadi aliendelea kulima, kupika sombe, kuchota maji. Akapungua tu, mashavu yakaingia ndani. Siku moja alinikuta nauwekea mgomba ule majivu na majani makavu kuuzunguka, kwa maana nilikuwa nautunza kama yai. Akasimama na jembe begani.

"Mzee, nikae hapa mpaka lini? Mpaka huu mgomba uzae?"

Nami, kichwa changu hiki unakijua, nikamjibu, "Eh. Mpaka uzae."

Nilidhani nimeshinda. Nilikuwa nimejipa mwaka na nusu. Lakini mimi mwenyewe niliyejigamba kwa batu wote kwamba naijua njia ya mgomba, nilisahau kwamba njia hiyo ina mwisho. Majani yakawa mapana. Shina likanenepa. Kila asubuhi nilipita pale nikikusalimia, nikikueleza habari za ng'ombe na za mvua, na kadiri ulivyorefuka ndivyo nilivyoanza kuogopa. Kisha juu kabisa likatoka lile jani dogo la mwisho, na baada yake ua jekundu likainama. Unajua maana yake. Ukishatoa ua, mgomba hautoi jani jingine. Umeshaanza kufa, hata kama bado ni kijani.

Mwezi uliopita vidole vilijaa. Mkungu mzuri, mdogo wangu, sijapata kuona mzuri hivyo katika shamba letu, na hakuna aliyetaka kuugusa. Maman Zawadi akaja akasimama mbele yangu na panga mkononi, amevaa kikwembe safi.

"Umezaa, Mzee."

Nikatafuta neno. Mimi, ninayeshinda maneno sokoni Kamembe! Nilitaka kusema bado haujakomaa. Nilitaka kusema tungoje wa pili, pale chini macho mengine yameshaamka. Nikamwangalia mikono yake. Imekuwa kama ya muntu wa umri wangu. Na nikamwambia. Nilimwambia yote hapo hapo, nimesimama juu ya kaburi lako: kwamba niliung'oa na donge, kwamba nililidanganya kaburi, nikamdanganya shangazi mpaka akafa, na kwamba neno la mbegu lilitoka kinywani mwangu. Nilingoja anipige. Ningemwacha.

Akasema, "Nilijua, Mzee."

"Ulijua nini?"

"Nilikuwa nimeshika kirago upande wa miguu. Mutumba bila donge, Zawadi angeubeba. Siku ile tulikuwa batu bane, na miye upande wangu ulikuwa unanivunja mikono."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema mbele ya shangazi. Angekuwa huru tangu siku ile. Angekuwa na nyumba yake.

Akakaa chini, pale pale kwenye majani makavu. Akaanza kusafisha panga kwa kidole, ingawa lilikuwa safi.

"Na miye nilikuwa nataka itoke," akasema. "Nilikuwa napita hapa kila asubuhi kabla yako, weye haujaamka. Nikangoja kintu kitoke. Kikatoka." Akainua macho akauangalia mkungu. "Kikatoka mgomba, Mzee. Mgomba tu."

Hapo ndipo nilipolia, mdogo wangu. Miaka mingi iliyobaki ndani ilitoka siku moja. Maman Zawadi hakunibembeleza, aliniacha nimalize. Halafu akaukata mkungu yeye mwenyewe, kwa pigo moja, kama ulivyomfundisha.

Kesho yake nilichukua jembe nikaenda kulichimbua donge lote, maana nalijua: ukiacha jicho moja, litaendelea kuwatesa batoto wa batoto. Nilichimba mpaka chini kabisa. Na nataka ujue nilichokikuta, kwa sababu hakuna mwingine wa kukuambia. Ule mutumba tuliouzika haukuwepo. Kirago hakikuwepo. Shati lako la kijani lilikuwa udongo. Hata uzi. Yule mzungu alisema kweli, majani hayana mifupa. Tulikuwa tumeweka kitu kisicho na mifupa mahali pa mifupa yako, nami nikakishikilia kwa ubishi miaka miwili.

Nilituma muntu Nzahaha. Mfyatua matofali alikuja siku hiyo hiyo, kwa miguu, vumbi mpaka magotini. Nikamwambia, "Alikuwa si mdogo wangu anayekataa. Alikuwa ni mimi." Akasema, "Sawa, Mzee." Maneno yake hayaongezeki. Nadhani ni vivase, huyo.

Wameondoka Jumamosi. Maman Zawadi alichukua batoto, sufuria, na chipukizi moja nililomkatia kutoka kwenye donge lako, lenye mzizi mzuri, limefungwa kwenye jani lake. Aliniomba mwenyewe. Zawadi ataniletea ndizi zake zikizaa. Mkungu ule wa kaburini tuliupika kabla hawajaondoka, tukaula wote, na mfyatua matofali akala kuliko wote. Ulikuwa mtamu. Nakuambia ukweli, ulikuwa mtamu.

Mkeo ameachiliwa. Hilo ndilo jambo. Nimelifanya kwa mkono wangu na kwa mdomo wangu, na kama uko hai na unaona nimekosea, lawama ni yangu peke yangu, yeye alikungoja kuliko nilivyostahili kumngojesha.

Mimi sikuachiliwa. Wala sitaki. Mimi sina wa kunioa, naweza kuendelea kuketi hapa. Pale palipokuwa kaburi nimesawazisha, nimepanda maharage, yatakwisha baada ya miezi mitatu na sitayapa jina la muntu.

Ila lile neno nililokutumia kambini, nalirudisha. Limenikaa kooni miaka yote hii, na leo nalitoa mbele ya wote watakaoshika karatasi hii. Mbegu tunazo sasa. Soko la Kamembe limejaa. Kama uko mahali popote duniani, mdogo wangu, na bado unabeba kile kifurushi cha mbegu, kiache chini. Njoo mikono mitupu. Njoo bila kitu.

Ni mimi mkubwa wako, nipo nilipokuwa,

Urwiri
Nyakarenzo